Cheo kimoja, barua tatu: jibu kwa msomaji wa Tanga anayetaka kufundisha chuo kikuu

*Swali:* Shikamoo mwalimu. Nina miaka 31, nakaa Mikanjuni, Tanga. Mwaka jana nimemaliza uzamili wa takwimu kwa GPA ya 4.2, shahada ya kwanza nilipata 3.7. Sasa nina mambo matatu mkononi. Chuo kimoja binafsi cha mkoani hapa kimenipa barua ya "Mhadhiri Msaidizi wa muda", nifundishe kozi nne kwa malipo ya saa. Mradi mmoja wa utafiti wa malaria Bagamoyo umenipa mkataba wa mwaka mmoja wa kusimamia na kuchambua takwimu. Na kuna tangazo la Sekretarieti ya Ajira la wahadhiri wasaidizi katika chuo kikuu cha umma, ila sijaomba kwa kuwa naambiwa waombaji ni wengi mno. Mama anaona nichukue la hapa nyumbani, maana nitaitwa mhadhiri. Kaka yangu aliyeko Marekani ananionya nisikubali kazi ya chuo isiyo na "tenure", yaani ulinzi wa kutoondolewa kazini. Ninachotaka ni kufundisha chuo kikuu maisha yangu yote. Hizi ajira zinatofautianaje, na nianzie wapi?

*Jibu:* Marahaba mwanangu. Nianze na lile ulilolitupa pembeni, tangazo la Sekretarieti ya Ajira, kwa sababu ndilo lenye tarehe ya mwisho. Kama GPA zako zinakubalika humo, omba leo. Wingi wa waombaji hausemi chochote kuhusu sifa zako, na fomu ya mtandaoni ya Ajira Portal haikuzuii kuchukua kazi nyingine wakati unasubiri. Hayo mawili yaliyobaki tuyajadili fomu ikiwa imeshatumwa.

Nimekaa kwenye kamati za ajira na za kupandisha vyeo vyuoni kwa muda mrefu, na jambo linalowaumiza vijana wengi ni kusoma cheo kilichoandikwa juu ya barua wakaacha kusoma aina ya ajira iliyoandikwa chini yake. "Mhadhiri Msaidizi" wa barua ya chuo cha hapa mkoani na "Mhadhiri Msaidizi" wa tangazo la Sekretarieti wanaitwa jina moja, wanaingia darasa la aina moja, pengine hata wanafundisha kozi moja kwa kitabu kimoja. Lakini mmoja ameshika ngazi na miaka yake imeanza kuhesabiwa. Mwingine analipwa saa alizosimama ubaoni, na muhula ukiisha chuo hakidaiwi naye kitu.

Ngazi yenyewe ni hii. Mwenye shahada ya kwanza aliyefaulu vizuri huingia kama mkufunzi msaidizi, yule ambaye vyuoni kila mtu humwita TA. Hiyo ni nafasi ya kulelewa: anaongoza semina, anasahihisha, na anatarajiwa kwenda kusoma uzamili. Wewe umeshavuka hapo. Mwenye uzamili ni mhadhiri msaidizi. Akipata shahada ya uzamivu anakuwa mhadhiri, kisha mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na profesa. Kuanzia mhadhiri kwenda juu, kinachopandisha ni machapisho katika majarida yanayotambuliwa, tathmini ya ufundishaji wako, na muda uliokaa kwenye cheo ulichonacho, ambao kwa kawaida haupungui miaka mitatu. Kwa vyeo vya juu, maandishi yako hupelekwa kwa wasomi wa nje ya chuo wayapime. Wakutubi wa vyuo vikuu nao wana ngazi yao ya kitaaluma, na watafiti vilevile. Nakutajia kwa sababu wapo wanaodhani anayesimama darasani ndiye mwanataaluma peke yake.

Usichanganye ngazi hiyo na uongozi. Mkuu wa idara, amidi wa shule kuu au rasi wa ndaki (wakuu wa vitengo vikubwa vinavyokusanya idara) ni madaraka ya kipindi, mara nyingi miaka mitatu, na yakiisha mtu hurudi kwenye cheo chake cha kitaaluma. Yupo mhadhiri anayeongoza idara yenye profesa ndani yake, na hakuna ajabu.

Sasa aina za ajira, na hapa niruhusu nikae kidogo.

Ya kwanza ni ajira ya kudumu yenye pensheni katika chuo kikuu cha umma, hiyo ya tangazo lako. Chuo hupata kibali cha kuajiri kutoka Ofisi ya Rais, Utumishi, nafasi ikatangazwa, ukafanyiwa usaili wa mchujo kwa maandishi na kisha wa mahojiano. Kwa walimu wa chuo jiandae pia kuonyesha unavyofundisha mbele ya jopo. Ukipita, unaingia kwenye ngazi ya mishahara ya PUTS, ambayo ni ya walimu wa vyuo vikuu vya umma: TA yuko PUTS 1, mhadhiri msaidizi PUTS 2. Miezi 12 ya mwanzo ni ya majaribio, kisha unathibitishwa kazini. Fuatilia barua ya uthibitisho kwa nguvu zako zote, maana ndiyo inayokufanya uwe mtumishi kamili: ruhusa ya masomo yenye mshahara, upandishwaji cheo na mengine mengi huanza kwa kuulizwa barua hiyo iko wapi. Michango yako ya pensheni inakwenda PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, wewe ukichangia asilimia 5 ya mshahara na mwajiri asilimia 15. Kuhusu kustaafu, watumishi wengi wa umma mwisho wao ni miaka 60, lakini tangu marekebisho ya sheria ya 2018 maprofesa na wahadhiri waandamizi wanafika 65. Kwa mtu wa miaka 31 hilo linasikika mbali, ila hesabu yake ni nyepesi: atakayechelewa kufika uandamizi atakuwa na miaka mitano pungufu ya kufundisha.

Ajira hiyo ina deni lake. Mhadhiri msaidizi haajiriwi abaki mhadhiri msaidizi. Unaajiriwa kwa matarajio kwamba utasoma uzamivu, na asiyeusoma muda ukapita anaweza kuondolewa kwenye kada ya kufundisha. Chuo kikikupa ruhusa ya masomo kitakusainisha dhamana kwamba ukimaliza utarudi kukitumikia miaka kadhaa, au ulipe gharama. Isome dhamana hiyo mpaka nukta ya mwisho kabla hujaweka sahihi.

Suala la GPA najua linakunyima usingizi, kwa hiyo tulimalize. Matangazo ya mhadhiri msaidizi katika vyuo vya umma kwa kawaida yanadai uzamili usiopungua 4.0, na hapo 4.2 yako imepita. Kwa shahada ya kwanza viwango hutofautiana kati ya tangazo na tangazo: mengine yanadai 3.8, mengine 3.5, ambapo ndipo daraja la pili la juu linapoanzia. Kwa 3.7 yako unazuiwa na aina ya kwanza na unakaribishwa na ya pili. Kwa hiyo rudi kwenye tangazo, soma mstari wa sifa mara mbili. Likisema 3.5, huna sababu ya kusita. Likisema 3.8, acha hilo na usubiri jingine, na usimsikilize atakayekuambia "tuma tu, wataelewa", maana mchujo wa awali haujadiliani na mtu. Umri hauna shida: matangazo ya Sekretarieti kwa jumla yanaweka ukomo wa miaka 45.

Tena, aliyefaulu usaili akakosa nafasi hapotei. Sekretarieti huwaweka waliofaulu kwenye kanzidata na huwapangia vituo nafasi zinapotokea. Nimeona vijana wakipigiwa simu miezi mingi baadaye, wakati wameshasahau kwamba waliwahi kufanya usaili.

Ya pili ni mkataba wa muda maalumu. Vyuo vikuu binafsi vingi huajiri walimu wao wa kutwa kwa njia hii, miaka miwili au mitatu inayoweza kuongezwa, japo vipo vinavyotoa ajira isiyo na ukomo. Vyuo vya umma navyo huitumia, hasa kwa wastaafu ambao bado wanahitajika darasani na kwa wageni kutoka nje ya nchi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatambua mikataba ya aina tatu: usio na ukomo, wa muda maalumu, hasa kwa wataalamu na viongozi, na wa kazi mahususi. Wa muda maalumu ni mkataba halali na wa heshima. Unachangiwa NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), una likizo ya mwaka, una likizo ya uzazi, na katika chuo makini miaka yako kwenye cheo inahesabika. Udhaifu wake ni kwamba tarehe ya mwisho imeshaandikwa, kwa hiyo swali la kuuliza kabla ya kusaini ni nani anaamua kuongeza, kwa vigezo gani, na lazima uarifiwe miezi mingapi kabla. Sheria inakulinda kwa kiasi fulani: kama mwajiri alikupa sababu ya msingi ya kutarajia nyongeza kisha akakunyima, hilo linaweza kuhesabiwa kuwa kuachishwa kazi. Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo haki hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na aliyefanya kazi chini ya miezi sita hana haki hiyo. Mtumishi wa umma njia yake ni tofauti, hutakiwa kwanza amalize ngazi za rufaa za utumishi wa umma.

Ya tatu ndiyo barua uliyopewa hapa mkoani, kazi ya muda kwa malipo ya saa. Naitendea haki, kwa sababu kuna mahali inafaa sana. Mhasibu mwenye kazi yake bandarini anayefundisha kozi moja jioni analeta darasani kitu ambacho sisi wa kudumu hatuna. Daktari wa hospitali ya Bombo akifundisha saa tatu kwa wiki, wanafunzi wanafaidi. Mwalimu mstaafu anayependa kufundisha naye inamfaa. Hao wote wana ugali wao mahali pengine, na saa za chuo ni kitoweo.

Kwako kozi nne ni maisha yako yote. Tupige hesabu pamoja kwa kuwa wewe ni mtu wa takwimu. Kozi nne zenye saa tatu kwa wiki ni saa 12 za darasani, na hizo ndizo utakazolipwa. Kwa kozi mpya, mwalimu anayejali huandaa saa mbili au tatu kwa kila saa moja anayofundisha, kwa hiyo ongeza saa 24 kwa uchache. Weka kusahihisha mazoezi ya majaribio kwa madarasa manne, kutunga mitihani, kusimamia, kujaza matokeo, kukaa na wanafunzi wanaokuja kuuliza. Wiki yako imejaa, na umelipwa theluthi yake au chini ya hapo. Likizo ya chuo hakuna saa, maana yake hakuna fedha. Uzamivu utausoma saa ngapi? Makala ya kwanza utaiandika lini? Kamati ya kupandisha vyeo ya chuo kingine itakapopokea wasifu wako, itafurahi kwamba umefundisha, lakini haitahesabu miaka hiyo kama muda uliokaa kwenye cheo, kwa sababu hukuteuliwa kwenye cheo. Uliitwa hivyo darasani tu. Hapa ndipo moyo unaniuma, maana nimekutana na walimu wazuri sana wenye miaka mingi ya kazi ya saa ambao kila Oktoba wanaanza upya wakingoja kupigiwa simu kuambiwa muhula huu wana kozi ngapi.

Kuna kifungu cha sheria ambacho wachache wanakijua nacho kinakuhusu moja kwa moja. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, kama mojawapo ya hali kadhaa ipo, na mojawapo ni kwamba amemfanyia huyo mtu kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Saa zako 12 kwa wiki zinafika 48 kwa mwezi. Kwa hiyo chuo kisije kikakuambia kwamba wewe si mwajiriwa, ni "mtu wa saa" tu, nawe ukaamini. Sikuambii ukaanze ugomvi. Nakuambia ujue unasimama wapi kabla hujaingia, na pia ujue kwamba vyuo vingine hugawa saa kwa watu wengi ili asiwepo anayefika idadi hiyo.

Ukiamua kuchukua kozi hapo hata hivyo, barua uliyonayo haitoshi. Iandikwe humo malipo ya saa ni kiasi gani na yatatoka lini, kila mwezi au baada ya matokeo kupokelewa. Kutunga na kusahihisha mitihani kunalipwa au kumo ndani ya saa. Nauli ikiwa kampasi iko mbali na mjini. Na itakuwaje kozi ikifutwa baada ya wiki tatu kwa sababu wanafunzi ni wachache. Hilo la mwisho hutokea zaidi ya watu wanavyodhani.

Ya nne ni ajira ya mradi, hiyo ya Bagamoyo. Kisheria ni mkataba wa muda maalumu, lakini tabia yake ni nyingine, kwa sababu mshahara unatoka kwenye fedha za mradi na mradi ukiisha nafasi imeisha, hata mkuu wa kituo awe anakupenda kiasi gani. Watu wengi wa kwetu wanaiona kazi hiyo si ya chuo kwa kuwa haina darasa. Mimi naiona tofauti kwa mtu mwenye ndoto yako. Katika ngazi niliyokueleza, kozi hazimpandishi mtu peke yake. Machapisho ndiyo yanayompandisha, na machapisho yanatoka pale data zilipo. Bagamoyo na mkoa wetu vina historia ya kweli katika hilo. Jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S lililoanza 2009 lilifanyika katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, na vituo viwili vya Tanzania vilikuwa Bagamoyo na Korogwe. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza chanjo hiyo 2021. Iliyofuata, R21, nayo ilijaribiwa Bagamoyo kabla ya kupendekezwa 2023. Nyuma ya kila jaribio la namna hiyo kuna watu wa takwimu wanaoamua sampuli iwe ya ukubwa gani, wanaosafisha data usiku, wanaojua ni modeli ipi itakubali na ipi itadanganya. Baadhi ya watu hao leo wana majina yao kwenye makala zinazosomwa dunia nzima. Wengine walifanya kazi ileile, majina yao hayapo popote.

Tofauti ya makundi hayo mawili mara nyingi ilikuwa mazungumzo ya dakika kumi kabla ya kusaini mkataba. Kwa hiyo kabla hujakubali, mwandikie barua pepe ya heshima kiongozi wa utafiti umuulize mambo matatu. La kwanza, mchambuzi wa takwimu anaingia kwenye orodha ya waandishi kwa utaratibu gani. La pili, kama unaweza kutumia sehemu ya data kwa shahada ya uzamivu, na kama mradi una fungu la ada au unashirikiana na chuo kikuu chenye msimamizi. La tatu, fedha za mradi zimethibitishwa hadi mwaka gani, maana mkataba wa mwaka mmoja katika mradi wenye miaka minne iliyobaki ni tofauti kabisa na mkataba wa mwaka mmoja katika mradi unaofunga. Akikujibu vizuri mawili ya kwanza, nenda. Akikwepa yote mawili, basi unaajiriwa kuingiza data, na mshahara wake ndio faida yake pekee.

Nyingine nazipitia haraka. Mhadhiri mgeni hutoka chuo kingine kwa muhula au mwaka, akibaki wa chuo chake. Kuazimwa ni pale mtumishi wa umma anapopelekwa taasisi nyingine ya umma kwa kipindi. Uteuzi wa heshima hupewa mtaalamu wa nje, pengine daktari wa hospitali ya mafunzo, bila mshahara wa chuo. Mtafiti baada ya uzamivu ni mkataba wa mwaka mmoja au miwili kwa aliyekwisha kuipata shahada hiyo, nawe utaukumbuka zamu yako ikifika. Na vyuo visivyo vyuo vikuu, kama TaSUBa (cha sanaa) na ADEM (cha uongozi wa elimu) pale Bagamoyo, vina muundo wao wa utumishi, hivyo mkufunzi wa huko hahamii uhadhiri wa chuo kikuu kwa kubeba cheo chake tu. Hupimwa upya kwa vigezo vya chuo kikuu.

Kaka yako hakosei kuhusu Marekani. Huko, kwa tamko la mwaka 1940 lililokubaliwa kati ya chama cha maprofesa na umoja wa vyuo, mwalimu wa kutwa huwa katika majaribio kwa muda usiozidi miaka saba, kisha anapewa "tenure", yaani hawezi kuondolewa isipokuwa kwa sababu nzito na kwa utaratibu maalumu, au ananyimwa na kuondoka. Lakini na huko walimu wengi leo wako nje ya njia hiyo, kwa mikataba na kwa malipo ya kozi, kama ile barua ya chuo cha hapa mkoani. Uingereza, ambako mfumo wetu una mizizi kwa kuwa chuo cha Dar es Salaam kilianza 1961 kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London, iliondoa ulinzi wa namna hiyo kwa walioajiriwa baada ya Novemba 1987. Kwetu haupo kwa jina hilo. Kilicho karibu nao ni kuthibitishwa kazini katika utumishi wa umma, ambako kukuondoa kunahitaji mashtaka ya kinidhamu na nafasi ya kujitetea. Ukimsubiri mwajiri wa Tanzania atakayekupa "tenure" utazeeka ukisubiri. Na siku ukisoma tangazo la Marekani, jua kwamba yule wanayemwita profesa msaidizi kwa kawaida ana uzamivu, kwa hiyo analingana na mhadhiri wetu, wala si wewe wa leo.

Mama nimemwacha mwisho kwa sababu hoja yake ni nzito kuliko ya kaka. Hukuandika hivyo, lakini mzazi anayetaka mwanawe abaki karibu ana sababu, na Bagamoyo ni safari ndefu ukipita Segera na Msata. Barabara ya pwani kupitia Pangani na Saadani ikikamilika, safari hiyo itafupika sana. Kama kuna ugonjwa au jukumu nyumbani linalokulazimu kubaki Tanga, basi baki bila kuona aibu, chukua kozi mbili badala ya nne, na siku zinazobaki ziweke kwenye andiko la uzamivu. Tazama pia watafiti wa hapahapa: kituo cha NIMR, taasisi ya utafiti wa tiba, kipo Tanga mjini, kituo chake cha Amani kiko Muheza, na TARI Mlingano, kituo cha utafiti wa kilimo, iko hukohuko Muheza. Kote huko data zipo, na wenye kuzichambua vizuri ni wachache. Lakini kama linalomvuta mama ni jina la mhadhiri tu, kaa naye umweleze kwa upole kwamba jina hilo litakuja likiwa na barua ya kweli nyuma yake. Wazazi wetu wa Tanga wanaijua tofauti ya kibarua na ajira, ukiwaonyesha iko wapi.

Hukumu yangu basi: tuma maombi ya Sekretarieti kama 3.7 inaruhusiwa, nenda Bagamoyo kama majibu ya maswali yako ni mazuri, na chuo cha hapa mkoani kishukuru kwa heshima, ukiacha mlango wazi wa kozi moja ya kufundisha kwa vipindi vya pamoja vya mwishoni mwa wiki, ikiwa wana utaratibu huo na mwajiri wako wa Bagamoyo ataridhia kwa maandishi. Kozi hiyo moja itakupa tathmini ya wanafunzi, na jopo la usaili hupenda kuiona.

Halafu kaa na vyeti vyako vyote mezani. Jina liwe lilelile, herufi kwa herufi, kwenye cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita, vya shahada zote mbili na kitambulisho cha NIDA. Kama shuleni uliandikwa jina la baba na chuoni la babu, nenda kwa wakili au mahakamani upate hati ya kiapo ya majina mapema. Weka transkripti kamili, kwa sababu karatasi za matokeo na transkripti nusu hazipokelewi na Sekretarieti. Tangu uhakiki wa vyeti wa 2017 ulipowaondoa watumishi 9,932, hakuna afisa anayekubali kupitisha jalada lenye jina linalotofautiana. Na kama ulisoma kwa mkopo, mwambie mwajiri wako yeyote siku ya kwanza: Bodi ya Mikopo hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na ni heri uiweke kwenye bajeti yako ya Bagamoyo kuanzia sasa, pamoja na kodi ya chumba.